Kugawa Kompyuta ya Marehemu Baba

Siku ya kuanua tanga la baba, wazee wa ukoo walishuka kwenye migomba na kamba ya kupimia kabla chai haijapoa. Walichimba vishimo, wakapandikiza omuramura, ule mmea mrefu wa majani membamba ambao kwetu Karagwe ukishasimama mpakani hata mbuzi anaelewa. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Kaka akatangazwa omusika, yaani mrithi mkuu: akapata nyumba, makaburi, na kibanja cha Igurwa pamoja na ndizi na kahawa yake. Baba mdogo, mwenyekiti wa kikao, akajikatia kipande cha bondeni kama pole ya uchovu wa kusimamia. Mimi nilipewa nasaha. Niliambiwa binti hupata kwake atakapoolewa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, mwalimu wa hisabati na kompyuta huko Nyabiyonza, na hao wakwe niliokuwa nikiahidiwa walikuwa hawajatuma hata mshenga wa kuuliza njia.

Sikubisha siku ile. Msibani mwanamke akibisha huambiwa ana uchungu, na akiwa na uchungu hupewa maji ya kunywa. Nilikunywa maji.

Ila katika haraka yao wazee walisahau laptop. Ilikuwa pale pale sebuleni, juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipostaafu aliinunua kwa fedha za msimu mmoja mzuri wa kahawa, kahawa ambayo mama ndiye aliyeichuma na kuianika. Aliiheshimu kupita kiasi. Kila asubuhi alivaa miwani, akaifungua, akaiambia "Hujambo," kisha akangoja. Kwa kuwa ilichukua muda mrefu kuwaka, alisema hiyo ni dalili ya malezi mema, haikurupuki kujibu wakubwa. Baadaye alijifunza kujirekodi. Alisimulia utoto wake, akasoma zaburi, akamgombeza mbuzi aliyepita dirishani, na yote yakaingia. Mama hajui kusoma wala kuandika, lakini baada ya baba kufa alitaka kila Jumapili, akitoka ibadani, awekewe sauti ile. Alikaa kwenye mkeka akiisikiliza na kuijibu. Baba akimaliza kumgombeza mbuzi, mama husema, "Mwache, ameshaondoka."

Mimi nilitaka kitu kimoja tu cha baba ambacho kingetamkwa mbele ya watu kuwa ni changu. Nasema wazi ili nisionekane nilikuwa natafuta kompyuta. Kompyuta shuleni zipo.

Kaka ni karani wa ofisi huko Rubwera, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki na flashi mfukoni. Kupitia flashi hizo laptop ya baba iliambukizwa kila ugonjwa uliopita wilayani Kyerwa. Ikajaa filamu za mapigano, mahubiri ya watu wanaopiga kelele, na video za kwaya zote za dayosisi. Ikawa nzito, ikawa inazima yenyewe. Windows yake ilikuwa imechoka kama mtumishi anayesubiri kustaafu. Nikamwambia kaka kwamba kompyuta moja inaweza kubeba mifumo endeshi miwili, yaani zile programu kuu zinazoamka kwanza na kuziendesha nyingine zote. Yeye abaki na Windows yake na magonjwa yake. Mimi niweke Linux, mfumo wa bure na mwepesi, nifanyie kazi zangu Jumamosi ninapokuja. Unaigawa tu diski, nikamwambia, kama kibanja: huyu huku, yule kule, na ukiwasha unaulizwa unakwenda kwa nani.

Mfano wa kibanja ndio ulioniponza.

"Kugawa?" kaka akasema, akaweka kikombe chini. "Mali ya marehemu haigawanywi na watu wawili wamekaa sebuleni. Lazima kikao."

Wazee wakaja Jumamosi iliyofuata. Walikuja na kamba ile ile. Walikuja pia na mashahidi wa mpaka, maana kwetu huwezi kugawa ardhi bila jirani anayepakana nayo, na haikusaidia kueleza kwamba laptop hii ilipakana na redio upande mmoja na picha ya kipaimara changu upande mwingine. Mama akaleta kisonzo, kile kikapu kidogo, cha kahawa za kutafuna. Walutheri wenzangu wakaletewa rubisi, pombe ya ndizi, ambayo mchungaji asipokuwepo huitwa juisi.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu baba mdogo, akitema ganda la kahawa kiganjani. "Haya, ardhi yenyewe iko wapi?"

Nikawaonyesha kwenye kioo. Programu ya kugawia huichora diski kama mstari mrefu wa rangi ya buluu. Wazee wakauinamia kwa zamu. Mmoja akaugusa kwa kidole, akakiangalia kidole.

"Barabara iko upande gani?" akauliza baba mdogo.

"Haina barabara, baba mdogo."

"Kila ardhi ina barabara. Na makaburi?"

Hapo nilitaka kucheka, lakini kaka alijibu kwa uso mkavu kabisa. Alisema makaburi ni sauti za baba, lile folda la rekodi, na kwa mila makaburi hukaa upande wa omusika. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Walikuwa wamepata kitu wanachokijua. Kuanzia hapo kikao kilikwenda kwa kasi: kaka abaki na Windows, rekodi za baba na mstari wote wa buluu, isipokuwa kipande kimoja kati ya kumi, huko mwisho kabisa, ambacho nitaazimwa mimi.

"Kinamtosha," baba mdogo akasema. "Binti ni mtu wa kuja na kuondoka."

"Nitapewa, au nitaazimwa?" nikauliza.

"Maneno ni yale yale."

Nilimgeukia mama. Mama alikuwa akipanga vikombe kwa utaratibu wa mtu asiyesikia. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kumsikia akitoa neno kikaoni. Huingia, hugawa, hutoka. Nikasema hapana, sitaazimwa. Shauri la mashine hii halitafanyika bila mimi, na kama hakuna anayeweza kunipa, basi hakuna wa kuigawa. Kikao kikaguna tena, safari hii bila kuridhika. Mwishowe baba mdogo akatamka, kwa sauti ya mtu anayetoa ng'ombe, kwamba ninapewa.

Jirani mmoja, mzee ambaye wazazi wake walihamia kutoka Rwanda na ambaye ameshapimiwa shamba lake mara nyingi kuliko mtu yeyote Igurwa, akanyoosha mkono. "Mimi ni shahidi tu," akasema. "Lakini njia iko wapi? Anayekwenda kwa mrithi atapita wapi?"

Lilikuwa swali pekee la maana siku nzima. Nikaeleza kwamba mashine ikiwaka, lile swali la kuchagua litakaa kwenye sehemu yangu. Hata anayekwenda kwa kaka ataingilia kwangu.

Baba mdogo akapiga mwayo. "Basi sawa. Binti atafagia njia." Na hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa lango la urithi wa baba, kama kazi ya usafi.

Kazi yenyewe ilikuwa na hatari moja. Betri ya laptop ilikuwa imekufa zamani, na kuipunguza sehemu ya Windows huchukua muda; umeme ukikatika katikati, hakuna cha kaka wala cha dada. Nilipoyasema hayo wazee wakaogopa kwa mara ya kwanza, na baba mdogo akasimama kuomba. Aliwaombea mafundi wa umeme, nguzo zote kutoka kituoni hadi Igurwa, na miti iliyo karibu na nyaya. Aliombea mvua isubiri. Sisi tulifumba macho, isipokuwa mimi niliyefumbua moja kuangalia kioo, ambako kimstari cha kuonyesha kazi imefika wapi kilikuwa kikitambaa. Kilipofika mwisho nikasema "Amina" kwa nguvu, naye akalazimika kumaliza. Mpaka leo anaamini diski ile aliigawa yeye.

Alitaka pia kupanda omuramura. Nilimshawishi atosheke na jani. Akaliweka juu ya kifuniko cha laptop, upande wa kulia, likakaa pale hadi likakauka, na hakuna aliyethubutu kulifuta vumbi.

Miezi iliyofuata nilikuwa na furaha, nakiri, furaha ya kitoto. Kila Jumamosi nilipanda bodaboda kutoka Nyabiyonza, nikamsalimu mama, nikakaa kwenye meza ndogo na kuingia kwangu. Mifumo hii miwili ina tabia moja niliyoipenda: yule wa bure anamwona yule wa kununuliwa, lakini wa kununuliwa hamwoni wa bure. Kutoka Linux niliona kila kitu cha kaka, filamu zake, kwaya zake, barua zake za kuomba kupandishwa cheo. Yeye kutoka kwake hakuona hata paa langu. Nilishazoea kutoonekana ndani ya nyumba ile, kwa hiyo sikulalamika.

Nilitunga mitihani pale. Kisha nikaanza kazi nyingine, ambayo sikumwambia mtu: nilisikiliza rekodi za baba moja moja na kuziandika, Kinyambo upande huu, Kiswahili upande ule. Nilimwandika hadi kikohozi chake. Niliandika na mbuzi.

Kaka naye alizidi kuingiza kwaya. Siku moja Windows ikamwambia nafasi imejaa. Mtu mwingine angefuta filamu moja. Kaka, akielekezwa kwa simu na fundi wa kuweka nyimbo huko Rubwera, akafungua ule mstari wa buluu, na huko mwisho akaona kipande kisicho na jina wala herufi, ambacho Windows haikutambua kina nini. Hakikuwa na filamu, hakikuwa na kwaya. Sasa, kwetu ardhi isiyo na mgomba huitwa pori, na pori ni la atakayelifyeka. Kaka akalifyeka. Akalifuta, akaliunganisha na la kwake, akamshukuru fundi, akazima mashine ili ipumzike.

Alipoiwasha, haikumpeleka popote. Kioo kilikuwa cheusi na maneno machache meupe pembeni, na kimshale kikipepesa. Alikuwa amefyeka shamba pamoja na lango.

Nilifika Jumamosi kama kawaida, sijui lolote. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mbele ya laptop iliyofungwa, mikono mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha akaniambia polepole, kana kwamba mimi ndiye nitakayeumia, "Baba yenu amenyamaza. Jumapili hakusema kitu. Amekufa tena."

Niliwasha. Niliyaona yale maneno meupe, nikaelewa kabla kaka hajaingia kutoka shambani.

"Nilidhani ni pori," akasema akiwa bado mlangoni.

Nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Mitihani nilikuwa na nakala zake kwenye flashi, lakini ile kazi ya sauti za baba sikuwa nimeinakili. Ilikuwa pale tu, kwenye kitu changu cha kwanza, na kwa ujinga wa furaha niliona kitu changu hakihitaji ulinzi. Nikamwambia kaka kwamba pori ni kichwa chake. Nikamwambia mengine, ambayo mwinjilisti akisoma hapa atanifutia ushirika.

Yeye akangoja nimalize. "Taarifa ya ofisi imo humo," akasema. "Wanaitaka Jumatatu. Huwezi kunifungulia upande wangu tu? Ya kwako tutaiangalia baadaye."

"Inawezekana," nikajibu. "Sitaki."

Kikao kikaitwa upya, siku ile ile, na wazee wakapatikana kwa wepesi ambao hawajawahi kuuonyesha kwa mgonjwa. Baba mdogo aliiangalia laptop, akaliangalia jani lililokauka, akamwangalia kaka. Kusogeza mpaka ni kosa zito. Hata yeye, ambaye kipande chake cha bondeni kimekuwa kikinenepa mwaka hadi mwaka, hulikemea kwa sauti kubwa. Yule jirani shahidi akakumbusha kwa upole, "Niliuliza njia." Wote wakakubali kwamba ndiyo, aliuliza.

"Kumbe umemfukuza mtu wa langoni," baba mdogo akamwambia kaka, "halafu unalia umefungiwa nje. Mchimba kisima huingia mwenyewe." Akamtoza faini ya mbuzi. Mbuzi akachinjwa, na kwa kuwa waliodhulumiwa ni mila na desturi, aliliwa na wasimamizi wa mila na desturi. Mimi nililetewa shingo.

Walipokuwa wanashiba nikaona ndio wakati. Nikasimama. Nikasema nimeshukuru kwa hukumu, na kama leo ukoo mzima umekiri kwamba nilipewa, kwamba binti anaweza kuwa na mpaka na mpaka wake ukalipiwa mbuzi, basi nina ombi. Kuna migomba nyuma ya jiko, safu chache tu, ile mama anayoipalilia. Naomba nipimiwe pale. Kamba ipo, mashahidi wapo.

Ukasikika utafunaji wa kahawa. Kaka akaangalia viatu vyake. Baba mdogo akajifuta vidole kimoja kimoja, halafu akanitazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyonichoma zaidi.

"Mwanangu," akasema, "hayo ya kompyuta ni mambo ya kisasa, mtoto wa kike anaweza. Ardhi ni ardhi."

Wakaanza kuzungumzia bei ya kahawa.

Nilichukua mkoba wangu. Nilikuwa nimeshafika uani, nikiwaza kwamba taarifa ya kaka na iozee humo humo, na wao waikalie laptop kama kigoda. Bodaboda zipo barabarani. Mama akatoka jikoni na kukaa kwenye kizingiti. Hakuniambia nibaki. Aliweka tu ule mkeka wake vizuri, akaunyoosha kwa kiganja, kama anavyofanya Jumapili kabla baba hajaanza kusema.

Nikarudi ndani.

Nilifanya kazi bila maombi safari hii, na umeme ulikaa. Nilifuta filamu za mapigano zilizoijaza Windows ya kaka, nikaipunguza tena, na sikuuliza kikao kipande kiwe na ukubwa gani. Nilikata nusu kwa nusu. Niliweka Linux upya. Mwishoni nikafika kwenye yale maandishi yanayotokea mtu akiwasha, yale ya kuchagua mwelekeo. Kwa kawaida hujaa majina marefu ya kiufundi yasiyomhusu mtu. Nikayafuta. Mstari wa kwanza nikaandika jina langu kamili, jina la ubatizo na la baba. Wa pili nikaandika la kaka.

Wazee walikuja kushuhudia. Mashine ikawaka, mistari miwili ikasimama kwenye kioo cheusi.

"Mbona lako limetangulia?" kaka akauliza. "Mimi ndiye omusika."

"Na wewe umo," nikasema. "Shuka mstari mmoja."

"Lakini kila nikiwasha nitaliona lako kwanza."

"Kila ukiwasha."

Akageuka kwa baba mdogo ili hukumu itolewe. Baba mdogo akafungua mdomo. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na sinia la vikombe, ambaye hajui mstari upi ni wa nani, akauliza, "Kwa hiyo mtu akitaka kumsikia baba yenu, anaingilia kwa huyu?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akaweka sinia juu ya meza, juu kabisa ya lile jani lililokauka. Kisha akamwambia kaka, mbele ya kikao chote:

"Basi, mwanangu, ukifika hapo piga hodi."